Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Moja

Nakala moja, wasomaji sita,
na tulioketi siku ile Mabela tulikuwa watano.
Nje, Juni ilikuwa imeyeyusha hata adabu:
watu waliingia bila hodi, viatu bado miguuni,
wakakimbilia chini ya kiyoyozi.

Kitabu kilikuwa kando ya chupa ya kahawa,
kimevimba, kina manjano ya bizari kwenye jalada,
mji wa kioo huko mwezini, kizimba,
na ndani ya kizimba roboti mlinzi wa hewa,
aliyeshitakiwa kumuua mhandisi
kwa dakika tisa asizozikumbuka.

Harith alianza, nani angemzuia?
Karani miaka thelathini na mmoja, mahakama ya Nizwa.
Kwenye pambizo aliandika "Pingamizi!" mara saba, kwa wino mwekundu.
"Hakimu gani huyu," akasema, "anamuuliza shahidi
kisha anamjibia? Na huko mwezini hakuna rufaa?"

Badar alitikisa kichwa. Yeye husafisha maji ya bahari kule Barka.
"Vali haijifungi. Mwandishi hajui vali.
Mimi nimekaa na vali kuliko nilivyokaa na mke wangu."
"Kweli tupu," akasema Rauhiya, mkewe. "Hiyo iandikwe."

Halafu Rauhiya akanyamaza kidogo.
Usiku huwapokea watu wanaotoka kwenye usingizi wa dawa.
Wote huuliza swali moja: nimesema nini?
"Nilimlilia yule roboti," akasema.
"Asiyekumbuka huenda hakutenda.
Huenda ametenda.
Kitabu hakikuniambia, na mimi sikukasirika."

Bi Zuwena hasomi herufi ndogo;
mjukuu alimsomea kwa simu, sura moja kila alfajiri.
Aliombwa maoni, akakohoa, akayatoa kwa mizani:

*Mashine haina mwiko, wala haina hasira,*
*Hutenda kwa amriko, hailipwi mshahara,*
*Mwenye kosa yuko huko, kajificha kwa sitara,*
*Msinitie mashaka, muuaji ni hakimu!*

Kahawa ya Harith ilimwagika.
"Hakimu? Imeandikwa wapi?"
Akafunua mwishoni, akalamba kidole, akahesabu:
mia mbili na tisa, mia mbili na kumi,
mia mbili na kumi na tatu.
Karatasi moja haipo. Imekatwa vizuri,
kama mtu alitumia rula.

"Nilidhani," akasema Badar,
"ndivyo waandishi wa siku hizi wanavyomaliza."

Mlango usifunguliwe, akaamuru Harith.
Kitabu kilipita mikono bila daftari,
mara dirishani, mara ndani ya gari la mtu.
Kilichojulikana ni aliyekinunua, Shawana,
maonyesho ya vitabu Sharja, dirhamu thelathini na tano,
na Shawana tulimzika Ramadhani.

Wakatafuta hakimu wa kesi yetu.
Wakanichagua mimi, kwa kuwa nilikuwa kimya.

Nikamuuliza Badar wembe wake uko wapi,
nikajijibu: Barka.
Nikamuuliza Rauhiya kuhusu mikasi ya wodini,
nikajijibu: haitoki wodini.
Harith alinitazama kwa jicho la karani,
lakini kalamu yake nyekundu ilikuwa imekauka.

Ilikuwa nyuma ya simu yangu, ndani ya kifuko,
imekunjwa mara nne pamoja na kadi ya hospitali.
Mwandiko wa penseli, umeinama kulia
kama yeye alipokuwa akicheka:
*Mwisho sikuupenda. Ningemwacha roboti hai.*
*Muulizeni Thuwaiba, alilia au alijifanya mgumu?*

Thuwaiba ni mimi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Kesi imeahirishwa," nikasema, "ushahidi hautoshi."
Badar akapiga makofi. Harith akaandika kitu.
Bi Zuwena alinitazama, kisha akaitazama simu
niliyokuwa nimeilalia kwa kiganja,
akaisukuma sahani ya halua hadi kwenye goti langu.

"Kula," akasema, "mheshimiwa."